MZEE FUNAKOSHI: MWALIMU WA KARATE ALIYEDHANIWA NI MFAGIZI

Nimepotea kidogo, nisameheni, hela ya kafe ilikata. Leo nimerudi na habari za mzee mmoja wa Kijapani aliyefariki mwaka 1957. Wengi wenu mmeshaiona picha yake bila kujua ni nani. Ukiingia kwenye ukumbi wa karate ya Shotokan, hapa kwetu Tanzania, Kenya au popote pale, mara nyingi utamkuta ukutani: mzee mwembamba, amevaa kimono, katulia kama babu anayesubiri chai. Jina lake ni Gichin Funakoshi. Ndiye anayeitwa baba wa karate ya kisasa.

Kwanza niwaambie kwa nini namwandika, maana mimi sina mkanda wowote wa kujivunia.

Nilianza karate nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Tulikuwa tunafanya mazoezi jioni kwenye darasa la shule ya msingi mtaani, madawati yanasukumwa pembeni, ada tunalipa kwa mwezi. Sensei wetu ni mtu mzima, mpole, haongei sana. Sisi vijana tulikuwa na picha za kwenye banda la video kichwani: kuruka teke, kupasua tofali, kuangusha watu kumi kwa mpigo. Yeye akatupa kata. Kata hii sio ile ya diwani jamani, ni mlolongo wa hatua, mapigo na vizuizi unaoufanya peke yako, kama unapigana na watu wasioonekana. Miezi mitatu, kata ile ile. Tukaanza kunung'unika kwamba tunaliwa hela.

Siku moja konda wa daladala akagoma kunirudishia chenji, tukabishana, akanisukuma. Nikampa ngumi moja ya pua. Damu. Watu wakashangilia. Jioni nikaenda mazoezini kifua mbele, nikasimulia. Sensei akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia nikae chini ukutani, nitazame wenzangu. Nikadhani ni kwa siku ile tu. Kumbe ni mwezi mzima. Wiki ya pili nikaacha, na mtaani nikamtangaza kwamba ni mbabaishaji.

Juzi hapa kafe nikawa nasoma habari za yule mzee wa kwenye picha. Wadau, nilisoma mpaka muda wangu ukaisha nikaongeza.

MTOTO DHAIFU WA VISIWANI

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Shuri, kwenye kisiwa cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Okinawa ilikuwa na ufalme wake, ufalme wa Ryukyu, mpaka Japani ilipoumeza rasmi mwaka 1879. Kwa hiyo alipokuwa mtoto, nchi yake ilikuwa inageuka mkoa wa nchi ya watu wengine.

Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, akawa mtoto wa kuumwaumwa. Bahati yake, darasani alikaa na mtoto wa bwana mmoja mkubwa aliyeitwa Azato, mmoja wa mafundi wakubwa wa karate Okinawa. Akaanza kujifunza kwa huyo Azato, na baadaye kwa fundi mwingine, Itosu. Afya ikatengemaa, na kuanzia hapo hakuiacha karate mpaka anaingia kaburini.

Kuna jambo lake moja litawachekesha. Alitaka kusomea udaktari Tokyo, lakini mtihani ulikuwa wa waliozaliwa kuanzia mwaka 1870. Yeye akafoji mwaka wa kuzaliwa, akajipunguza miaka miwili. Mnaona? Vijeba hawakuanzia kwenye mpira wetu. Mtihani akafaulu, lakini hakuingia chuoni, kwa sababu ya nywele. Wanaume wa tabaka lake walifunga nywele kishungi utosini, na serikali mpya ya Japani ilikuwa inataka vikatwe. Ukoo wake uligoma kabisa, na chuo hakikupokea mwenye kishungi. Udaktari ukaishia hapo.

Mwaka 1888 akapata kazi ya ualimu msaidizi shule ya msingi, na sharti lilikuwa lile lile. Safari hii akakata. Aliporudi nyumbani baba yake alichukia sana, mama yake hakutaka hata kumtazama. Ndivyo alivyouanza ualimu, na alifundisha shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuna wakati alitaka kupandishwa cheo apelekwe visiwa vya mbali, akakataa, kwa sababu angekuwa mbali na walimu wake wa karate.

KATA MOJA, MIAKA NA MIAKA

Miaka hiyo karate Okinawa ilifundishwa kwa siri, usiku, nyuma ya kuta. Funakoshi alikuwa anatembea gizani na taa ndogo kwenda kwa Azato, anarudi alfajiri, mpaka majirani wakaanza kusema kijana wa watu anakwenda kwa machangudoa.

Kumbe huko mambo yenyewe hivi: yeye uani anafanya kata, Azato kakaa barazani mgongo umenyooka, anatazama. Ikiisha, anaagizwa arudie. Akirudia, anaagizwa tena. Sifa hakuna, labda neno moja tu. Na hapewi kata mpya mpaka ile ya kwanza imemridhisha mzee. Kata tatu tu za aina moja, zinazoitwa Tekki, zilimchukua miaka kumi.

Hapo mimi nililaza kichwa kwenye kibodi. Miaka kumi, mimi nimelalamikia miezi mitatu!

Tukio la usiku mmoja lilimkaa maishani. Alikuwa njiani kabeba vitafunio vitamu vya kuweka mbele ya madhabahu ya wahenga wa ukoo. Wakamtokea watu wawili, wakataka alichobeba. Alikuwa kijana, amefunzwa na mafundi wawili wakubwa kabisa. Akawapa vile vitafunio, akaenda zake. Kesho yake akawasimulia walimu wake. Itosu akamwambia amefanya vizuri. Azato akamuuliza sasa madhabahuni ataweka nini. Akajibu ataweka sala. Azato naye akaridhika.

Fikiria, wale walikuwa watu wenye uwezo wa kumuua mtu kwa mkono mtupu, na walimsifu mwanafunzi wao kwa kuporwa.

TOKYO, MIAKA 53, NA UFAGIO

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Itosu aliitoa karate mafichoni, akaiingiza mashuleni Okinawa. Mwaka 1921 mrithi wa ufalme wa Japani, Hirohito, alipita Okinawa, na Funakoshi ndiye aliyeongoza maonyesho ya karate mbele yake kwenye ngome ya Shuri. Mwaka uliofuata, 1922, akatumwa Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya michezo. Ilikuwa aonyeshe, arudi nyumbani.

Hakurudi. Jigoro Kano, yule mwanzilishi wa judo, alimwalika ukumbini kwake aonyeshe. Mchoraji mmoja maarufu, Hoan Kosugi, akambembeleza abaki amfundishe. Na yeye mwenyewe akaona kwamba asipoileta karate katika mji mkuu, itabaki kuwa jambo la watu wa visiwani. Alikuwa na miaka 53. Mke na familia kawaacha Okinawa, hela hana. Mke alikataa kuhamia Tokyo kwa sababu kuna makaburi ya wahenga ya kutunza, akamwachia mumewe afanye kazi yake.

Alipata chumba kidogo kwenye hosteli ya wanafunzi waliotoka Okinawa, inaitwa Meisei Juku. Wanafunzi wanapokuwa madarasani anatumia ukumbi wao kufundishia. Kodi akawa anailipa kwa jasho: mlinzi yeye, kufagia yeye, bustani yeye. Msosi je? Akamshawishi mpishi wa hosteli ajifunze karate, ili apunguziwe bei ya chakula.

Siku moja mwandishi wa gazeti akafika hosteli kumtafuta fundi Funakoshi. Akamkuta babu mmoja anafagia uwanja, akamuuliza fundi yuko wapi. Babu akamwambia asubiri kidogo. Akaingia ndani mbio, akavaa kimono chake safi, akatoka kumkaribisha. Mwandishi hakuamini macho yake. Mzee hakuona aibu, na hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake.

Hela ilipokata kabisa akaamua kuweka rehani kofia yake na kimono kilichofumwa kwa mkono kwao Okinawa. Akaenda duka la mbali makusudi, wanafunzi wasimwone. Karani akampa hela nyingi kuliko thamani ya vile vitu, naye akashangaa. Baadaye ndio akagundua kwamba mdogo wake yule karani alikuwa mwanafunzi wake wa karate. Yule kijana wa dukani hakumuaibisha mzee kwa kumpa sadaka. Alimwongezea tu kimya kimya. Mwalimu anayetendewa hivyo na watu asiowajua, ujue huko darasani kuna kitu anakipanda.

WANAFUNZI WALIVYOMWONA

Mwaka 1924 karate ikaingia Chuo Kikuu cha Keio, na mwaka huo huo Funakoshi akatoa mikanda meusi ya kwanza. Sare na mikanda alivichukua kutoka kwa judo, kwa Kano. Vyuo vingine vikafuata. Wanafunzi wengi wa vyuo vile ndio waliokuja kuitawanya karate duniani, na waliishi miaka mingi baada yake, wakawa wanamsimulia.

Mmoja ni Masatoshi Nakayama. Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Takushoku akiwa na mpango wa kucheza kendo, mchezo wa upanga. Akakosea kusoma ratiba, akafika siku ya karate, akatazama, akabaki hapo hapo maisha yake yote. Alisimulia kwamba mazoezi ya mzee yalikuwa kata, kata, kata. Moja inarudiwa mara 50 au 60, na baada ya hapo makiwara, yaani ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba za majani ya mpunga juu, unaupiga mpaka ngumi inachubuka. Mzee naye alikuwa anajiunga, anaupiga kwa kiwiko hata mara 1,000. Vijana wengi wakaacha. Nikajisemea, kumbe hata Wajapani wenyewe walikimbia, si mimi peke yangu.

Waliokaa karibu naye walikumbuka vitu vidogo vidogo pia. Asubuhi alichukua muda mrefu kujiweka sawa, nywele na nguo. Halafu anageukia upande wa ikulu ya mfalme anainama, anageukia upande wa Okinawa anainama tena. Alikuwa mfupi, sauti ya upole, mtu wa kuandika mashairi na hati nzuri za wino. Jina lake la ushairi lilikuwa Shoto, mawimbi ya misonobari, kwa sababu ujana wake alipenda kutembea kilimani Shuri kusikiliza upepo ukipita kwenye misonobari. Miaka ya 1930 wanafunzi walichangishana wakamjengea ukumbi wake mwenyewe Tokyo. Kibao cha mlangoni kikaandikwa Shotokan, nyumba ya Shoto. Ndipo jina lilipotoka, wadau. Halikuwa jina la mtindo, lilikuwa zawadi ya wanafunzi kwa babu yao.

WANAFUNZI WALIVYOMBISHIA

Lakini msidhani wote walikuwa wanaitikia tu ndio mzee. Hapa ndipo stori inaponoga.

Vijana wa vyuo walitaka kupigana. Judo ina mashindano, kendo ina mashindano, wao wanafanya kata tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo wakatengeneza mavazi ya kujikinga na kuanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mzee alipojua, akaacha kufundisha pale.

Mwingine alikuwa Hironori Otsuka, aliyekuja kwake tangu 1922 akiwa tayari fundi wa jujutsu. Alimpenda na kumsaidia sana, lakini naye aliona karate bila mapambano imepungukiwa. Wakaachana, Otsuka akaanzisha mtindo wake wa Wado. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtoto wake Gigo, aliyefundisha kwa niaba yake ukumbini Shotokan, aliingiza mazoezi ya wawili kupigana, misimamo ya chini na mateke ya nguvu. Karate ya Shotokan tunayoiona leo ina mkono mkubwa wa huyo kijana.

Na huko Okinawa kuna waliomkasirikia kwa jambo lingine. Neno karate zamani liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa Kichina. Yeye akapigania alama nyingine inayosomwa vile vile lakini maana yake ni tupu: mkono mtupu. Hana silaha, na ndani hana majivuno. Majina ya kata nayo akayabadilisha yawe ya Kijapani. Wenye siasa za Japani ya wakati ule walifurahi, maana chochote cha Kichina hakikupendwa. Baadhi ya watu wa kwao wakaona anafuta asili yao. Mimi hapa simtetei moja kwa moja. Mtu anaweza kuwa mwalimu mzuri na bado ukamuuliza maswali.

Lakini kuhusu kupigana, nimemwelewa. Alifundisha kwamba mtu wa karate sio wa kuanza kupiga. Na alijua kwamba ukishampa kijana ushindi wa kushangiliwa, kesho atautafuta tena, kama sio ukumbini basi kituo cha basi. Namjua kijana mmoja wa hivyo, anaandika blogu.

VITA

Halafu ikaja vita kuu ya pili. Wale vijana wa vyuo wakawa wanapita kwake mmoja mmoja kumuaga wanakwenda mstari wa mbele. Wengi hawakurudi. Mzee anasimulia alivyokuwa akipata habari za kufa kwao, na ukumbi ukawa unazidi kuwa mtupu. Mwaka 1945 mabomu ya Wamarekani yakauteketeza ule ukumbi wa Shotokan. Mwaka huo huo Gigo akafariki kwa maradhi, hajafika hata miaka 40. Na Okinawa yenyewe ikawa uwanja wa vita mbaya sana.

Mke wake alinusurika, akafika kama mkimbizi Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu. Mzee akaacha kila kitu Tokyo akamfuata huko. Miaka zaidi ya ishirini waliishi mbali mbali kwa ajili ya karate, wakaja kuishi pamoja wakiwa wakimbizi, wanalima mboga. Huyu mama naye alikuwa mtu wa aina yake. Okinawa alikuwa akilea watoto kwa mshahara mdogo wa mwalimu, akichoka anafanya kata badala ya kukandwa, na majirani wakigombana wanamwita awapatanishe.

Alifariki mwaka 1947. Funakoshi akapanda treni kurudi Tokyo amebeba majivu ya mkewe. Akakuta njiani, kwenye stesheni kubwa, wanafunzi wake wa zamani wamesimama wanamsubiri wampe pole. Nchi imeharibika, watu wana njaa, lakini walikuja. Hapo mimi nilimwambia dogo wa kafe aniongezee nusu saa.

KIBAKA WA TOKYO

Na sasa tukio lililonifanya niandike. Mzee ana miaka kama 80, usiku anarudi nyumbani kutoka kwenye kikao cha mashairi. Barabarani akatokea kijana mmoja, akamkwapulia mwavuli na kutaka kumpiga nao kichwani. Mzee akainama, pigo likapita, na mkono wake ukaenda chini ukamkamata yule jamaa sehemu za siri. Akambana. Jamaa maumivu hayasemeki. Polisi wa doria akapita, akakabidhiwa.

Sisi hapo tungeandika kwa herufi kubwa: BABU WA MIAKA 80 AMDHIBITI KIBAKA! Tungeshangilia kama walivyonishangilia mimi kituoni. Yeye anasimulia kwamba aliondoka pale ana aibu. Aliwaza kwamba yule kijana bila shaka ametoka vitani, hana kazi, njaa imemsukuma. Na yeye, mwalimu aliyewaambia vijana maisha yake yote wasifanye hivyo, kafanya. Zaidi ya miaka hamsini baada ya vile vitafunio vya madhabahu, akaona safari hii amefeli mtihani.

Nilipofika hapo nikamkumbuka konda. Nilikuwa namwona konda kama konda tu. Sikuwahi kujiuliza jioni ile alimweleza nini tajiri wake kuhusu hesabu na ile pua.

MAZISHI YENYE UGOMVI

Mwaka 1949 wanafunzi wakaunda Chama cha Karate cha Japani, mzee akiwa mkuu wao wa heshima, Nakayama akiwa mwalimu mkuu. Alifariki tarehe 26 Aprili 1957, ana miaka 88. Na hapo hapo wanafunzi wakagombana. Kundi lililoitwa Shotokai, alimokuwa Shigeru Egami, na kundi la kile chama hawakuelewana nani asimamie mazishi. Baadhi ya wanafunzi wake wa miaka mingi hawakwenda kumzika. Mwaka huo huo chama kikafanya mashindano yake ya kwanza ya Japani nzima, kitu ambacho mzee hakukipenda. Shotokai wao wakabaki bila mashindano. Kila upande unasema unamfuata mwalimu.

Mwaka 1968 ikawekwa kumbukumbu yake ya jiwe kwenye hekalu la Engaku-ji, mji wa Kamakura, imechongwa fundisho lake lile la kutoanza kupiga. Na karate ikaja kuingia Olimpiki, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mji ule ule aliofagia. Paris 2024 ikatolewa. Sijui kama mzee angesikitika.

MIMI SASA

Niliposoma haya yote nilikuwa nawaza jambo moja. Waliomkumbuka, hata waliombishia, wengi hawakusimulia alimpiga nani. Walisimulia alivyovaa asubuhi, alivyorudiarudia kata, alivyofagia. Maisha yote ya fundi mkubwa vile, na ugomvi wake wa mtaani anaoukumbuka zaidi ni ule aliouonea aibu.

Wiki iliyopita nimemfuata sensei wangu. Nimempa shikamoo, nikamwambia nilimsema vibaya mtaani na ninaomba radhi. Akaitikia, akanionyesha pale ukutani kwenye nafasi yangu. Nikakaa. Nina wiki tatu zilizobaki za kutazama, na ada nimelipa.

Konda bado. Nimemwona mara mbili kwenye ile ile ruti, mara zote nimepanda gari ya nyuma. Nitafika tu.

Sasa wadau, hasa mliowahi kufanya karate, judo au hata ngumi: mwalimu wenu mnamkumbuka kwa lipi? Na mkisukumwa kituoni mnafanyaje, mnatoa vitafunio au mnatoa ngumi? Wanaosema mzee aliwafutia Waokinawa asili yao nao karibuni, tujadili kwa hoja. Maoni hapo chini, matusi nafuta.

Nawasilisha.